Safari ya Meli Huanzia Makambako

Mkoa wa Njombe hauna pwani ya bahari. Kutoka Makambako hadi gati la Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, na yumkini ndiyo sababu mazungumzo ya afya ya msafiri wa meli huonekana, kwa wengi wetu wa nyanda za juu, kuwa ni mambo ya watu wa bandarini. Hata hivyo mkoa huu una maji yake na una meli zake. Wilaya ya Ludewa inashuka hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako Manda na Lupingu hupokea vyombo vya majini. Katika ziwa hilo imo meli ya mizigo yenye uwezo wa kubeba tani 1,000, nayo inaitwa MV Njombe. Imo pia MV Mbeya II, iliyojengwa kubeba abiria 200 pamoja na mizigo. Makambako nako ndiko barabara kuu ya Tanzania na Zambia inakokutana na barabara ya Njombe na Songea, na ndiko treni ya TAZARA inakosimama. Mtalii wa ndani aendaye Unguja, mfanyabiashara aendaye ng'ambo ya ziwa kule Malawi, kijana aliyepata ajira katika meli ya utalii: wote hao huanzia hapa au hupita hapa.

Hoja ninayoitetea katika makala haya ni kwamba maandalizi ya kiafya ya msafiri wa meli yafanyike nyumbani, mapema, na kwa faida ya mwili wa msafiri mwenyewe. Karatasi zifuate baadaye, ziwe ushahidi wa jambo lililokwisha kufanyika. Mazoea yetu yamekuwa kinyume cha hayo. Mtu hukata tiketi, hushughulikia pasipoti, huaga jamaa, kisha siku mbili kabla ya kuondoka huulizia ni wapi atapata kadi ya njano kwa haraka. Hapo cheti huwa kimekwisha kuwa kikwazo cha kurukwa, na afya iliyokusudiwa kulindwa na cheti hicho haipo tena katika hesabu.

Meli inastahili uangalifu wa pekee kwa sababu abiria wake hawashuki njiani. Katika basi la kwenda Dar es Salaam, aliyezidiwa huteremshwa Iringa au Morogoro akapelekwa hospitali. Katika meli iliyo katikati ya maji, wagonjwa na wazima hula jikoni mamoja, hushika kingo zilezile za ngazi na hutumia vyoo vilevile kwa siku kadhaa. Mwezi Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu wapatao 3,700. Zaidi ya 700 miongoni mwao walithibitika kuambukizwa UVIKO-19. Miaka minne baadaye, Februari 2024, Mauritius ilikataa kuiruhusu meli ya Norwegian Dawn kutia nanga Port Louis baada ya abiria wapatao 15 kuugua tumbo na kushukiwa kuwa na kipindupindu. Vipimo vilionyesha kwamba hakikuwa kipindupindu. Lakini abiria zaidi ya 2,000 walikuwa wamekwisha kusubiri baharini, na safari ya wengi wao ilikuwa imekwisha kuvurugika kwa sababu ya matumbo ya watu wachache.

Historia ya pwani yetu inatufundisha somo hilohilo kwa upande wa pili, yaani kwamba maradhi ya bandarini mara nyingine hutoka bara. Kipindupindu kilichoiangamiza Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1869 na katika mwaka 1870 kilichunguzwa na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani humo. Alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi kilivyofuata njia za misafara ya bara hadi Pangani, kisha kikavuka maji. Baadaye kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, ambako jengo la gereza lilisimamishwa mwishoni mwa karne ya 19, kikafanywa mahali pa kuwaweka karantini wasafiri wa majini. Watawala wa wakati ule waliweka lango la ukaguzi mwisho wa safari. Elimu ya leo inatuelekeza tuliweke mwanzoni, pale msafiri anapofunga mizigo yake.

Tuanze na homa ya manjano, maana ndiyo chanjo ambayo cheti chake hudaiwa zaidi mipakani. Shirika la Afya Duniani linaihesabu Tanzania kuwa nchi yenye uwezekano mdogo wa maambukizi ya ugonjwa huu, kwa hiyo si kila msafiri wetu anahitaji kuchanjwa. Raia anayekwenda Unguja kwa mapumziko anahitaji kitambulisho chake cha taifa. Hana haja ya pasipoti. Lakini anayekwenda au kupitia katika nchi yenye ugonjwa huo, au nchi inayodai cheti kwa wageni wake, hana budi kuchanjwa. Masharti ya nchi hubadilika, na meli ya utalii inaweza kutia nanga katika nchi nne kwa safari moja. Msafiri na aulize masharti ya kila bandari iliyo katika ratiba yake, asiishie kuulizia ile ya mwisho.

Kuna mambo mawili ya kisayansi ambayo aghalabu husahaulika. La kwanza ni muda. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, kwa kuwa mwili unahitaji muda huo kujijengea kinga. Anayechanjwa Jumatatu na kupanda meli Ijumaa ana karatasi, lakini kinga bado hana, na afisa wa afya wa bandarini ana haki ya kumzuia. Faraja iliyopo ni kwamba tangu Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti hicho ni cha maisha yote. Desturi ya zamani ya kurudia chanjo kila baada ya miaka 10 kwa ajili ya cheti imekwisha.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa mkoa wetu. Chanjo hii hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu mwenye kinga timamu, virusi hivyo huufundisha mwili kujilinda. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, vinaweza kumdhuru. Kwa hiyo haifai kupewa mtu mwenye VVU ambaye seli zake za CD4 ziko chini ya 200, wala mwenye mzio mkali wa mayai, na kwa mtu aliyevuka umri wa miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hutolewa kwa tahadhari baada ya kupima faida na hatari. Mtu ambaye chanjo haimfai hakufungiwa njia: daktari anaweza kumwandikia cheti cha msamaha wa kitabibu, kinachotambuliwa na kanuni hizohizo za kimataifa, ingawa uamuzi wa kumpokea hubaki kwa nchi anayokwenda.

Sasa tulitazame jambo hili kwa macho ya Njombe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 kuhusu athari za UKIMWI ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na VVU, ilhali kiwango cha taifa ni asilimia 4.4. Hakuna mkoa ulioonekana kuwa na kiwango kikubwa zaidi. Maana yake ni kwamba, katika kila wasafiri wanane wanaoondoka hapa, si ajabu mmoja awe anaishi na virusi, na baadhi yao bado hawajui hali zao. Chanjo inayotolewa kwa haraka dirishani, bila kumuuliza mtu historia ya afya yake na bila faragha ya yeye kujibu kweli, ni jambo la hatari mahali popote. Katika mkoa huu hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Hapa ndipo ninapowalaumu wanaouza kadi za njano zisizo na chanjo nyuma yake, na wanaozinunua. Watetezi wa biashara hiyo husema kwamba hakuna anayeumia, kwani ugonjwa wenyewe haupo kwetu. Jibu lao lipo katika mwaka 2016. Mlipuko wa homa ya manjano nchini Angola na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliwafikia wasafiri, na China ikapokea wagonjwa 11 waliotoka Angola, ikiwa ni mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa kuingia bara la Asia. Mtu aliyenunua kadi hupita mpakani kama aliyekingwa, ilhali ini lake halina ulinzi wowote. Akiugua, daktari wa meli huisoma kadi, huiondoa homa ya manjano katika orodha ya maradhi anayoyashuku, na hutafuta sababu nyingine. Kwa njia hiyo karatasi ya uongo humpotosha hata tabibu anayetaka kumwokoa mwenye karatasi.

Jambo lingine linalohitaji kusemwa waziwazi ni kipimo cha VVU kabla ya safari. Wengi hukiogopa kwa kudhani kwamba jibu likiwa chanya safari imekufa. Hofu hiyo haina msingi kwa safari nyingi. Marekani iliondoa zuio lake kwa wasafiri wenye VVU tangu Januari 2010, na nchi nyingi hazimuulizi mtalii jambo hilo. Ni kweli kwamba baadhi ya nchi, zikiwamo za Ghuba, bado hudai kipimo kwa anayeomba ukaazi wa kazi. Anayekwenda huko na alijue hilo kabla ya kuuza shamba ili apate nauli. Kwa upande wa mabaharia, Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unadai cheti cha afya kinachodumu kwa muda usiozidi miaka miwili, au mwaka mmoja kwa aliye chini ya miaka 18. Mwongozo wa upimaji wa mabaharia uliotolewa na mashirika ya kimataifa ya kazi na ya bahari humpima mwenye VVU kwa hali ya afya yake na uwezo wake wa kufanya kazi, wala haumwondoi kazini kwa jibu la kipimo peke yake. Na hapa nyumbani, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inafanya upimaji kuwa wa hiari na majibu kuwa siri ya mpimwaji.

Kwa maoni yangu, basi, msafiri na apime kwa ajili yake mwenyewe kabla hajapima kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Anayejijua mapema ana muda wa kuanza dawa, kuzizoea na kuondoka akiwa na akiba ya kutosha. Anayelijua jibu mbele ya dirisha la wakala wa ajira, siku tatu kabla ya kuondoka, ana muda wa kulia tu.

Kwa aliyekwisha kuanza dawa za kufubaza virusi, hatari kubwa ya safari ni aibu. Wapo wanaoziacha dawa nyumbani ili mwenzao wa chumbani melini asizione. Wapo wanaozimimina katika mfuko wa nailoni usio na jina. Yule wa kwanza anavipa virusi nafasi ya kuzaliana upya na kujenga usugu. Yule wa pili anajitafutia maswali ya afisa forodha asiyejua vidonge hivyo ni vya nini. Njia salama ni nyepesi. Aende kliniki yake wiki kadhaa kabla, aeleze tarehe za kuondoka na kurudi, na aombe dawa za kutosha safari yote pamoja na akiba ya wiki mbili. Kwa wanaoendelea vizuri, kliniki zetu hutoa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Aziweke katika kopo lake la asili, ndani ya mkoba wa mkononi, kwa kuwa begi kubwa hupotea. Abebe barua ya daktari inayotaja majina ya dawa na kwamba ni za matumizi yake binafsi; barua hiyo hailazimiki kutaja ugonjwa. Mtu anayemeza dawa zake vyema hadi virusi kutoonekana katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Yeye ni msafiri kama wengine.

Ushauri huohuo unawahusu wenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa na pumu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini na aulize mapema ataihifadhi wapi kwa ubaridi. Mjamzito na ajue kwamba meli nyingi za utalii hazimpokei mwanamke ambaye mimba yake itafikia wiki ya 24 kabla ya safari kwisha. Mwenye dawa kali za maumivu au za usingizi asisafiri nazo bila barua, maana katika baadhi ya nchi dawa hizo huhesabiwa miongoni mwa dawa za kulevya.

Wakazi wa nyanda zetu wana hatari nyingine ambayo haitajwi katika cheti chochote, nayo ni malaria. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inawanyima mbu wa malaria nafasi. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500, nako joto na mbu vipo. Mtu mzima aliyekulia Njombe au Makete hana ile kinga ya kiasi anayoipata mtu wa Kyela au Pwani kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni. Akishuka Manda kungoja meli, au akilala Dar es Salaam siku mbili kabla ya kuvuka, anaweza kuugua vikali kama mgeni aliyetoka Ulaya. Abebe chandarua chenye dawa, avae nguo ndefu jioni, na akipata homa wakati wa safari au katika wiki kadhaa baada ya kurudi apimwe siku hiyohiyo. Na amwambie mhudumu wa afya alikokuwa. Huku juu, homa na kutetemeka huweza kuchukuliwa kuwa nimonia au taifodi, hasa wakati wa baridi kali, endapo mgonjwa hakusema kwamba alikuwa ziwani.

Ziwa nalo lina mambo yake. Kuoga au kutembea majini ufukweni kunaweza kuleta kichocho. Kipindupindu kilichoikumba Malawi kuanzia mwaka 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700, na ziwa lile ni letu sote. Mawimbi hayaulizi mpaka. Chupa ya maji yaliyochemshwa, sabuni ya kunawia na pakiti chache za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini ni mzigo mdogo kuliko thamani yake.

Kwa hiyo ninapendekeza ratiba iliyo rahisi kukumbukwa. Wiki sita hadi nane kabla ya kuondoka, nenda kwa daktari au tabibu ukiwa na ratiba ya safari mkononi. Pima VVU, shinikizo la damu na sukari. Anza chanjo zinazohitaji dozi zaidi ya moja, kama ile ya homa ya ini aina ya B, ambayo dozi zake tatu huenea katika miezi sita. Wakati huohuo kagua pasipoti, kwa kuwa nchi nyingi hudai iwe na uhai wa miezi sita baada ya siku ya kuingia. Wiki nne kabla, chanjwa homa ya manjano katika kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya, endapo safari yako inaidai. Hapo utazipita zile siku 10 bila wasiwasi. Wiki mbili kabla, chukua dawa na barua zako, na soma bima yako uone kama inalipia matibabu melini na gharama za kukurudisha nyumbani. Siku ya kuondoka, ukiwa na homa au kuhara, sema. Kuahirisha safari ni hasara ya fedha. Kuficha ugonjwa ni kuwapakia wengine hasara hiyo bila ridhaa yao.

Msafiri peke yake hawezi kulibeba jambo hili lote. Tunamwambia ajiandae mapema, kisha tunamtuma dirisha hili kwa kipimo, jengo lile kwa chanjo, na mji mwingine kwa barua. Mwenye nauli ya kubahatisha atachagua kununua kadi. Ndiyo maana ninaona kwamba Makambako, kwa kuwa ni njia panda ya reli na barabara kuu, ingefaa iwe na kliniki ya wasafiri walau siku moja kila wiki: ushauri, vipimo, chanjo, dawa na barua chini ya paa moja, na katika chumba chenye mlango unaofungwa. Huduma hiyo haihitaji jengo jipya. Inahitaji watumishi waliofunzwa, jokofu la chanjo linalotegemewa, rejesta, na makubaliano baina ya hospitali ya mji, ofisi ya mganga mkuu wa mkoa na maafisa wa afya wa mipakani. Hospitali zetu kongwe kama Ikonda na Ilembula, ambazo kwa miaka mingi zimepokea wagonjwa kutoka mbali, zina uzoefu wa kuchangia. Na vyuo vyetu vya tiba vina wajibu wa kumfundisha mwanafunzi kuuliza swali moja ambalo mara nyingi husahaulika katika chumba cha daktari: unatarajia kusafiri lini, na kwenda wapi?

Wapo watakaosema kwamba mkoa wenye upungufu wa wahudumu hauna sababu ya kuwashughulikia watu wenye uwezo wa kupanda meli. Upungufu huo ni wa kweli. Lakini anayepanda MV Mbeya II akiwa na magunia yake si tajiri, na kijana anayekwenda kuosha vyombo katika meli ya utalii mara nyingi amekopa nauli kwa ndugu. Zaidi ya hayo, msafiri hurudi. Hurudi na alichokipata njiani, kiwe fedha au kiwe ugonjwa, na anayempokea stendi ya Makambako ni mama yake na wanawe.